Kadi ya Mtoto Mmoja

Februari 2022, mteja wangu mmoja akiwa amenilipa juzi yake, mimi na mke wangu tulikaa mezani watoto wakishalala, tukapiga hesabu ya Toto Afya Kadi. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulikuwa ukiitoa kwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Ukiigawa kwa miezi ni 4,200, pesa ambayo hainunui hata nusu kuku wa kienyeji. Tuna watoto wawili. Wa kwanza binti, wakati huo darasa la tatu, mtoto ambaye tangu aache kunyonya nimempeleka hospitali mara mbili tu, na moja kati ya hizo alikuwa amejipachika punje ya hindi puani. Wa pili ni wa kiume. Huyu ana pumu.

Mimi natunza risiti. Ni ugonjwa wa kazi, maana ninaishi kwa kuwafungia hesabu wafanyabiashara wadogo, na mtu anayeshinda akiwagombeza wengine kwa kupoteza karatasi hawezi kupoteza zake. Zote huingia kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati. Usiku ule nililimwaga mezani. Mwaka uliotangulia kijana alikuwa ametula 412,000: dawa za kuvuta, mashine ya mvuke, teksi za saa tisa usiku, na kulazwa mara moja kwa siku tatu. Dada yake, 9,500.

Nikasema, "Tumlipie huyu wa kiume."

Mke wangu akauliza, "Na dada yake?"

"Dada yake haumwi."

Alinitazama kidogo, akaanza kurudisha risiti kwenye kopo moja moja. Hakusema neno, na mimi sikuongeza. Wiki iliyofuata tukapeleka fomu na picha za mtoto mmoja.

Ningeweza kuishia hapo kama baba yeyote aliyebana matumizi. Shida ni kwamba nilichokifanya nilikijua kwa jina lake, nimekifanyia mtihani chuoni, na miaka mitatu kabla nilisimama chini ya mti wa mkwaju nikiwaambia watu wazima wenye wajukuu kwamba jambo hilohilo ni ubinafsi.

Chuoni tulifundishwa habari ya mwanauchumi George Akerlof, aliyeandika mwaka 1970 kuhusu soko la magari yaliyokwisha kutumika, na mwaka 2001 akapata tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na wenzake wawili. Mhadhiri wetu hakutaka magari, maana darasa zima hakukuwa na mwenye gari. Akatupeleka mnadani. Mwenye ng'ombe anajua kama ng'ombe wake anakohoa usiku. Wewe mnunuzi unaona pembe na manyoya tu. Kwa kuwa hujui, unataja bei ya katikati. Mwenye ng'ombe mzuri akiisikia bei hiyo anasonya, anaswaga mnyama wake kurudi nyumbani. Mwenye anayekohoa anatabasamu. Baada ya minada michache uwanja mzima unakohoa.

Bima, akasema, ni mnada huohuo uliogeuzwa. Safari hii mnunuzi ndiye anayejua, muuzaji ndiye kipofu. Mwenye afya akitajiwa bei anasonya na kwenda zake, mgonjwa anatoa pesa mbio. Mfuko ukielemewa unapandisha bei, nao wenye nafuu kidogo wanatoka. Mwisho wanabaki wagonjwa wakichangiana wao kwa wao, na hapo hakuna tena bima, kuna harambee.

Nilipata alama nzuri kwenye somo lile.

Mwaka 2019 nilipata mkataba kwenye timu ya uhamasishaji ya CHF iliyoboreshwa, katika wilaya moja ya mkoa wa Tabora. CHF, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ilianzia mkoa huohuo, Igunga, mwaka 1996 kama majaribio, ikatungiwa sheria 2001, na kufikia 2018 ikafanyiwa ukarabati: kaya ya watu wasiozidi sita ililipa shilingi 30,000 kwa mwaka, na kadi ilikwenda kwa rufaa kuanzia zahanati hadi hospitali ya mkoa. Mimi niliwasimamia waandikishaji wa vijiji, vijana wenye simu waliopiga picha wanakaya na kupokea michango.

Tuliingia vijijini mwezi Januari. Ukimwambia mkulima wa pamba kwamba watu wenye shahada walikuja kumtoza elfu thelathini mwezi Januari atadhani unatania. Januari ni palizi. Ghala limebaki vumbi, pesa ya pamba ya mwaka jana imeshakwenda kwenye ada na mbegu, na nyingine haitaonekana kabla soko halijafunguliwa Mei au Juni. Sisi tulikuja Januari kwa sababu pesa ya mafuta ya gari ilitoka Desemba. Hakuna sababu nyingine. Kwenye ripoti niliandika kwamba "mwitikio ulikuwa mdogo kutokana na uelewa duni wa jamii."

Aliyenifungua masikio alikuwa mzee mmoja niliyemkuta amekaa kivulini na bao lake. Nilimwamkia, "Mwangaluka, mzee wangu," akafurahi jinsi nilivyolitamka vibaya, akanivutia kigoda. Nikamwaga maneno yangu yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo wengi hawakufanya, kisha akachota kete kwenye bao.

"Umesema elfu thelathini, watu sita."

"Ndiyo, mzee wangu."

"Mimi hapa nina watu kumi na mmoja." Akapanga kete kumi na moja chini. "Hawa watatu ni wajukuu, hawajafika miaka mitano. Hao mnasema bure." Akaondoa tatu. "Huyu mkwe ana mimba. Bure." Akaondoa moja. "Mimi na bibi yako tumevuka sitini, hatuna kitu. Bure." Zikabaki tano. "Hawa wanne ni wazima, wanashinda shambani. Huyu mmoja ndiye ana kifua. Sasa kadi yako ni ya nani?"

Nikasema ni ya wote watano.

"Ni ya huyu mwenye kifua. Kinambana mara mbili kwa mwaka, na pale senta duka la dawa wananiuzia za elfu sita. Mara mbili ni kumi na mbili. Inabaki kumi na nane. Hiyo kumi na nane unataka nimpe nani?"

Niliwahi kukaa mbele ya maprofesa watatu nikitetea andiko langu na sikutokwa jasho kama lile. Nikamweleza kwamba bima haikuwekwa kwa ajili ya kifua cha elfu sita, imewekwa kwa ajili ya balaa: mtoto akianguka kwenye mkokoteni, tumbo likihitaji kupasuliwa, hapo elfu sita haitoshi.

"Hapo nauza ng'ombe."

"Na kama hakuna shida mwaka mzima?"

"Ng'ombe anazaa. Kadi yako inazaa?"

Vijana wangu waliangua kicheko, na mimi nikacheka. Lakini usiku gesti niligundua kwamba mzee hakuwa amekataa bima. Alikuwa nayo, ya miguu minne, inayokula nyasi za bure, na madai yake hulipwa siku ya mnada bila fomu. Nilichokuwa ninamuuzia ni bima ya pili, iliyo ghali kuliko kifua anachokijua na isiyoaminika kwa balaa asilolijua. Alikumbuka matibabu ya bure ya enzi za Mwalimu, akakumbuka mwaka 1993 walipoletewa habari ya kuchangia, na kila zama ilikuja na kijana wake mwenye maneno matamu. Mimi nilikuwa wa tatu au wa nne.

Si kila mtu ana ng'ombe, bila shaka. Kwa jirani yake aliishi mama mjane mwenye mbuzi wawili na binti mwenye seli mundu. Huyu hatukumhamasisha. Alitufuata mwenyewe, pesa ikiwa imefungwa kwenye ncha ya khanga, noti za elfu na sarafu, zimetimia thelathini. Mwezi uliofuata nilikutana naye njiani nikamuuliza kadi inaendeleaje, nikitarajia kushukuriwa.

Hakulalamika, alinihesabia tu. Zahanati iko kilomita tisa. Bodaboda elfu tatu kwenda, elfu tatu kurudi, maana mtoto wa seli mundu mwenye maumivu huwezi kumtembeza. Siku hiyo hakwenda kibarua cha kupalilia, elfu tano imepotea. Alipofika alipokelewa kwa kadi, hakutozwa kitu, daktari akamwandikia dawa, na dirishani akaambiwa hazipo, akanunue senta. Akatoa tena elfu nne na mia tano. Ukijumlisha ni 15,500, katika siku ambayo kwenye takwimu zetu imeandikwa kwamba amehudumiwa bila malipo.

Nilikuwa nimefundishwa kuogopa kwamba mtu akipewa kadi atajazana zahanati kwa kila kipele, kwa sababu hagharimiki. Wanauchumi wameandika sana kuhusu hofu hiyo, na kuna mahali ina ukweli, nitafika. Lakini ningependa nimwone mtu atakayetoa elfu sita za bodaboda na kuacha kibarua ili akafaidi panado za bure. Ile foleni yenyewe ni bei. Umbali ni bei. Serikali ikifuta ada dirishani inafuta kipande cha mwisho, mara nyingi kilicho kidogo kuliko vyote, halafu tunashangaa kwa nini watu bado wanachelewa kuja.

Na kipande kidogo nacho kisidharauliwe. Nikiwa mwanafunzi nilikuwa hodari wa kusema kitu cha bure hakithaminiwi. Tulibishana sana kuhusu vyandarua, enzi za Hati Punguzo, mpango ulioanza 2004 ambapo mama mjamzito alipewa hati kliniki akaenda nayo dukani kuongezea pesa kidogo. Baadaye nyongeza ile ilishushwa ikawa shilingi 500 tu. Mimi nilikuwa upande wa mia tano: akilipa atakitumia, akipewa bure atafugia vifaranga. Kumbe wanauchumi wawili, Jessica Cohen na Pascaline Dupas, walikuwa wamelijaribu jambo hilo kwenye kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya, wakachapisha 2010. Kliniki nyingine ziligawa bure, nyingine zikauza kwa bei ndogo tofauti tofauti. Bei ilipotoka sifuri kufika shilingi 40 za Kenya, wachukuaji walipungua kwa asilimia 60 hivi ya wajawazito. Wale waliopewa bure wakafuatiliwa majumbani: walikuwa wamevitundika kwa kiwango kilekile cha walionunua. Vifaranga vyangu havikuonekana.

Nirudi kwa waandikishaji wangu, maana huko ndiko nilikoharibu kwa mikono yangu. Tuliwalipa kamisheni kwa kila kaya. Nilidhani ni busara. Mtu akilipwa kwa kichwa atatafuta vichwa. Walitafuta kweli. Lakini kijana wa kijijini anajua nyumba ipi ina mgonjwa, na nyumba yenye mgonjwa haikuchoshi kwa maneno. Kwa nini apoteze asubuhi nzima kwa mzee mwenye bao, akalala na njaa, wakati nyumba ya nne kuna mtu anaumwa kisukari na watoto wake wako tayari kulipa leo? Mzunguko wa kwanza tulipata kaya 41 katika vijiji vitatu. Nikaipeleka orodha kwa mganga mfawidhi wa zahanati, nikijisifu. Akaisoma jina kwa jina, huku akitikisa kichwa, kisha akaanza kucheka.

"Ndugu yangu, hawa wote nawajua."

Ilinichukua muda kumwelewa. Alikuwa akisema uwanja mzima unakohoa.

Wiki ya tatu kijiji kilifiwa. Kazi zote zikasimama, zetu zikiwamo, tukaenda msibani na gari. Mlangoni pa uwanja aliketi karani na daftari la shule. Kila kaya iliyofika iliandikwa: kilo mbili za unga, kuni mzigo mmoja, ndoo ya maji, shilingi elfu mbili. Mzee wangu wa bao alitoa elfu mbili yake bila kuhesabu kete. Nilimwona mjane. Niliwaona wale waliofunga milango tulipopita. Ni Januari ileile, ghala ni lilelile tupu, na kwa siku mbili waliandikwa zaidi ya watu niliowapata kwa mwezi mzima.

Nilimuuliza mwenyekiti wa kitongoji wasiolipa huwa wanafanywaje. Akafikiri kwanza, kama mtu aliyeulizwa kitu kisichopata kutokea. "Asiyekuja kuzika wenzake, siku yake ikifika atajichimbia mwenyewe," akasema, kisha akaongeza kwamba yeye binafsi hajaona wa namna hiyo, isipokuwa mwalimu mmoja mgeni, naye alihama.

Mzee ndiye aliyenieleza vizuri, tukiwa tumekaa kwenye magogo tukisubiri kaburi. "Huku kwenye kuzikana mtu haingii kwa sababu anaumwa. Anaingia kwa sababu anaishi hapa."

Sentensi hiyo ingetosha kuwa jibu la swali la mtihani wangu. Kuzikana hakuna mnada. Hakuna anayepiga hesabu kama mwaka huu atakufa au hatakufa ndipo ajiunge. Tena pesa hailali mahali: mtu akifa ndipo unga unapoletwa, na jioni unauona sufuriani. Ya kwetu ilichukuliwa mapema, ikasafiri hadi wilayani, ikakaa, na ikirudi kama dawa ni bahati, isiporudi hakuna anayejua wa kumuuliza. Watu wale hawakuwa wachoyo, wala hawakuwa wagumu wa kuelewa maana ya kuchangia kabla ya shida. Walikuwa na bima inayofanya kazi na wakailinganisha na yangu.

Nisiupambe msiba kupita kiasi. Kifo kina bei inayojulikana: sanda au jeneza, chakula cha siku mbili tatu, basi. Ugonjwa hauna mwisho wa namna hiyo. Kitongoji cha kaya themanini kinaweza kumzika mtu yeyote, lakini hakiwezi kumsafisha figo mtu mmoja mara tatu kwa wiki. Kwa hiyo huwezi kuchukua daftari la karani ukalibandika jina la bima ya afya ukadhani umemaliza. Nilipendekeza mawili tu kwenye ripoti ya mwisho: tusajili kitongoji kizima kupitia mikutano yao, na tukusanye baada ya soko la pamba. La pili lilikubaliwa. La kwanza nilisikia "litafanyiwa kazi". Mkataba wangu ukaisha nikarudi mjini.

Huko ndiko nilikouona upande wa pili wa dirisha. Ukiingia kliniki za mjini swali la kwanza, kabla ya jina, ni "Bima au keshi?" Kabla ya kadi nilikuwa mtu wa keshi. Daktari wa kliniki moja karibu na nyumbani alikuwa akimwekea mwanangu chombo cha kusikilizia kifuani, anaandika dawa mbili, tunaondoka. Tulipoanza kuitikia "bima", daktari yuleyule, kifua kilekile, akaanza kuandika kipimo cha damu, cha mkojo, cha choo na cha taifodi. Taifodi kwa mtoto anayepumua kwa filimbi! Wakati fulani mke wangu, naye akiwa na bima ya kazini aliyoipata kwa miezi michache ya mkataba, alikwenda na mafua akarudi ameambiwa ana malaria, taifodi na UTI, vyote siku moja. Tukacheka mpaka machozi. Kile kipimo cha Widal kinachopendwa sana mitaani kinajulikana kwa kuona taifodi pasipo na taifodi, lakini kinaandikika kwenye fomu na fomu inalipwa.

Simwiti daktari yule mwizi. Mwanauchumi Kenneth Arrow alishaeleza mwaka 1963 kwa nini matibabu si bidhaa kama sukari: anayekuuzia ndiye huyohuyo anayekuambia unahitaji nini, na wewe huna namna ya kumkosoa. Ukimlipa kwa kila kipimo, utapimwa. Mimi niliwalipa vijana kwa kila kaya, wakaniletea kaya. Hatukutofautiana.

Nami nilibadilika. Enzi za keshi, mtoto akianza kukohoa saa nne usiku tulikuwa tunasema "tusubiri hadi asubuhi". Kadi ilipokuja hatukusubiri tena. Mtu akinishitaki kwamba niliutumia mfuko ovyo atapata ushahidi: safari nne au tano ambazo mtoto alifika kliniki akaanza kucheza na viti. Lakini mojawapo ya usiku zile midomo ilishaanza kubadilika rangi tulipofika, na nesi aliyempokea alimwekea oksijeni kabla hajaniuliza bima au keshi. Ni usiku ambao zamani tungesubiri asubuhi. Sijui namna ya kutenganisha safari ile na zile nne za viti. Nilizifanya zote kwa sababu moja, kwamba hazikunigharimu.

Machi 2023 mfuko ulitangaza kusitisha usajili wa Toto Afya Kadi kwa mtindo wa mtoto mmoja mmoja. Walieleza kwamba waliosajiliwa wengi walikuwa watoto walioanza kuugua tayari, na gharama zimeupita mno mchango. Watoto sasa waingie kupitia shule au kwenye vifurushi vya familia. Habari hiyo niliisomea kwa kinyozi. Kinyozi alikuwa mkali: wanawaonea watoto, pesa wanakula wao, nchi hii bwana. Mteja kwenye kiti cha pili akaunga mkono, kisha wote wawili wakanigeukia kiooni nitoe maoni, kwa kuwa wanajua nimesoma mambo hayo.

Nikaomba anipunguze pembeni.

Ningesema nini? Fomu nilizosaini mwaka ule wa kadi nilizikumbuka zote, ndiyo kazi yangu, zilikuwa zinakaribia laki sita. Niliingiza 50,400. Mahali fulani palitakiwa pawepo watoto kumi au zaidi kama binti yangu, wasiougua, wanaochangia pumu ya kaka yao na seli mundu za watoto wengine, na hawakuwapo kwa sababu baba zao walimwaga makopo ya risiti mezani wakapiga hesabu nzuri kama yangu. Kinyozi alikuwa na hakika kuna mtu ameumaliza mfuko. Alikuwa amemshika kichwa.

Novemba mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Nilifuatilia mjadala wake kwenye redio nikiwa na daftari la mteja mapajani, na kila neno "lazima" lilipotajwa nilimkumbuka yule mwenyekiti wa kitongoji. Nilimkumbuka pia mjane aliyeandikiwa dawa zisizokuwapo. Lazima ya msibani inavumilika kwa sababu ubwabwa unaonekana.

Shule ya binti yetu iliitisha kikao cha wazazi kuhusu usajili wa bima mwanzoni mwa muhula. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti kidevuni. Mwalimu alieleza, kisha akasema wanaotaka wanyooshe mikono ahesabu. Ikanyooka michache. Niliitazama mmoja mmoja: baba wa yule mtoto aliyefanyiwa upasuaji wa moyo, mama wa mapacha wanaolazwa kila mvua za masika, bibi mmoja anayelea mjukuu mwenye kifafa. Ningeweza kuiandika orodha ile mwenyewe nikiwa nyumbani. Hata mganga mfawidhi wa kule Tabora angewajua, na hajawahi kufika shuleni hapo.

Mke wangu alikuwa amenipa pesa asubuhi, imekunjwa, bila kueleza. Nikanyoosha mkono.

Dada aliyekaa nami dawati moja, anayeuza vitumbua pale getini na anawajua watoto wote kwa majina, akanigeukia.

"Kumbe na yule dada mkubwa anaumwa? Mbona namwona mzima?"

"Mzima kabisa."

"Sasa unamlipia nini?"

Nilitaka kumwanzia kwenye msiba, unga kilo mbili, kuni mzigo mmoja. Lakini mwalimu alikuwa ameshafika kwenye dawati letu na daftari, akauliza jina la mtoto.